Nuru ya Sinkrotroni na Umbo la Protini: Maelezo kwa Mifano ya Machimbo ya Makongolosi

Katika wilaya ya Chunya, mkoani Mbeya, uko mji wa Makongolosi, ambao wakazi wake wengi huishi kwa kazi ya dhahabu. Mji huo umo katika eneo la machimbo ya Lupa, ambako dhahabu ilivumbuliwa mwaka 1922. Mchimbaji mdogo wa huko hushughulika na vitu vitatu: mwamba mweupe wa kwatsi ambamo dhahabu hukaa, dhahabu yenyewe, na zebaki itumikayo kuinasa dhahabu katika mchanga uliosagwa. Kwatsi ni fuwele. Dhahabu na zebaki ni madini yenye atomu nzito sana. Mambo hayo mawili, yaani mpango wa fuwele na uzito wa atomu, ndiyo misingi ya elimu ambayo kwa nje haielekei kuwa na udugu wowote na machimbo: elimu ya kulijua umbo la protini kwa mionzi ya eksirei.

Liko na jambo la tatu liunganishalo elimu hiyo na Makongolosi, nalo ni zito zaidi. Vumbi la kwatsi lipumuliwapo kwa miaka mingi huyajeruhi mapafu, na mwenye mapafu ya namna hiyo hupatwa na kifua kikuu kwa wepesi kuliko wengine. Dawa kubwa ya ugonjwa huo ni rifampisini. Namna dawa hiyo inavyofanya kazi, na sababu ya bakteria wengine kuwa sugu kwayo, haziwezi kuelezwa sawasawa mpaka ijulikane mahali dawa inapokaa ndani ya protini ya bakteria. Ujuzi wa namna hiyo hupatikana kwa fuwele na eksirei, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa katika nyumba kubwa ziitwazo sinkrotroni.

Maelezo yafuatayo yanakusudia kuonyesha nyumba hizo hufanya kazi gani, na kisha kuonyesha mpaka wa kazi hiyo. Maana Kiswahili kinapotakiwa kusimulia habari za elimu mpya huweza kuponzwa na neno moja jepesi, na katika habari hii neno hilo ni "picha".

I. Majina

Wilhelm Röntgen alipoivumbua mionzi yake mwaka 1895 aliiita kwa herufi X, ambayo katika hesabu ni alama ya kitu kisichojulikana. Baadaye tabia ya mionzi hiyo ilijulikana, lakini jina halikubadilika. Neno "eksirei" basi ni kumbukumbu ya ujinga uliokwisha kuondoka, na hakuna anayedhurika kwa kulitumia.

Jina la sinkrotroni lina kisa kama hicho. Asili yake ni maneno ya Kiyunani yenye maana ya "pamoja" na "wakati". Liliundwa kwa ajili ya mtambo wa kuharakisha elektroni, ambamo nguvu ya sumaku huongezwa hatua kwa hatua pamoja na nguvu ya elektroni zenyewe. Tarehe 24 Aprili 1947, katika maabara ya General Electric huko Schenectady, Marekani, watu waliokuwa wakiuendesha mtambo wa namna hiyo waliona nuru ikitoka ndani yake. Nuru hiyo ikapewa jina la mtambo. Walakini katika nyumba za leo nuru hutoka katika pete ambamo elektroni huzunguka kwa saa nyingi zikiwa na nguvu ile ile, bila ya kuongezwa. Kwa hiyo anayetaka kulifasiri jina kwa maana yake ya awali atakuwa ameeleza kitu kingine. Hii ndiyo sababu ya kulikopa jina kama lilivyo, kama wachimbaji walivyolikopa neno "karasha" kwa mtambo wa kupondea mawe, nalo likawa neno lao.

Si kila neno la kukopwa, lakini, na si kila neno la nyumbani lafaa. Kwa ile njia ya mviringo ambamo elektroni huzunguka, mtu angeweza kusema "duara". Katika lugha ya wachimbaji, hata hivyo, duara ni shimo la kushukia chini kufuata mwamba wenye dhahabu. Neno "pete" halina mgongano huo, nalo ndilo litumikalo hapa.

II. Nuru

Pete ya sinkrotroni ni bomba lililotolewa hewa yote, lenye sumaku kandokando. Pete ya Grenoble, Ufaransa, ina mzunguko wa mita 844; ya Diamond, karibu na Oxford, Uingereza, ina mita 562 hivi; na ya SESAME, iliyofunguliwa Jordani mwezi Mei 2017, ina mita 133. Ndani ya bomba elektroni huenda kwa mwendo ulio karibu sawa na mwendo wa nuru. Elektroni ikienda moja kwa moja haitoi kitu. Lakini sumaku inapoipinda njia yake, hutoa nuru. Nuru hiyo haitawanyiki pande zote kama ya taa, bali huelekea mbele kwa mwale mwembamba, kwa kuufuata mstari wa mwendo pale pale ulipopindwa, mfano wa tope lirukalo kutoka kwenye gurudumu la baiskeli.

Katika nyumba za siku hizi, sehemu zilizonyoka za pete huwekewa safu mbili za sumaku ndogo zenye ncha zinazopishana, kaskazini kwa kusini. Elektroni zipitapo katikati huyumba upande huu na upande huu, na nuru ya kila myumbo huungana na ya mwingine. Hivyo hupatikana eksirei zenye mng'ao mara nyingi sana kuliko zile za mtambo wa hospitali. Tena mtumiaji aweza kuchagua urefu wa wimbi autakao, jambo ambalo mtambo wa kawaida haulikubali. Hamburg, mwaka 1971, ndiko nuru hii ilikotumika kwanza kuchunguza kitu chenye asili ya uhai, nacho kilikuwa musuli wa mdudu arukaye. Na Stanford, Marekani, mwaka 1976, wataalamu walionyesha kwamba yafaa kwa fuwele za protini.

Yafaa kuuliza kwa nini eksirei, wala si nuru ya jua na darubini. Sababu ni ukubwa wa wimbi. Atomu mbili za kaboni zilizoshikana ziko mbali kwa kiasi cha sehemu 1.5 za milimita moja iliyogawanywa mara 10,000,000. Wimbi la nuru ya kawaida ni refu kuliko hapo mara elfu kadhaa, hivyo haliwezi kuzitofautisha atomu hizo, kama vile mtu aliyevaa glavu nene asivyoweza kuhesabu chembe za mchanga kwa vidole. Wimbi la eksirei lina urefu wa kadiri ile ile ya nafasi iliyo kati ya atomu.

III. Fuwele

Fuwele ni kitu ambacho molekuli zake zimepangwa kwa utaratibu ule ule, safu kwa safu, kila upande. Mwaka 1912 Max von Laue na wenzake walionyesha kwamba eksirei zikipita katika fuwele huchepuka na kutia vitone vyenye mpango maalumu katika bamba la picha. Mwaka uliofuata William Henry Bragg na mwanawe Lawrence waliufanya mpango huo wa vitone kuwa njia ya kupatia mpango wa atomu. Molekuli moja huchepusha mionzi kidogo mno. Bali molekuli nyingi zisizo na idadi, zikikaa kwa mpango mmoja, huchepusha kwa pamoja, na jumla yake huonekana.

Kwatsi ya Makongolosi ni ngumu, hata hukata kioo. Fuwele ya protini ni kinyume chake: ni laini, na kwa kawaida karibu nusu yake ni maji. Mwaka 1934 J. D. Bernal na Dorothy Crowfoot, binti aliyezaliwa Cairo mwaka 1910 na ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Hodgkin, walitambua huko Cambridge kwamba fuwele ya protini ikikauka huharibika na kutoa vitone hafifu. Ikihifadhiwa katika maji yake hutoa vitone vingi na vikali. Siku hizi fuwele, ambayo huweza kuwa ndogo kuliko chembe ya chumvi, huinuliwa kwa kitanzi cha uzi mwembamba na kupoozwa ghafula hata kufikia digrii 173 chini ya sifuri, ili mionzi isiiharibu upesi. Mkono wa mtambo huiweka mbele ya mwale, huizungusha polepole, na chombo cha kupokea hukusanya kurasa nyingi za vitone kwa muda mfupi, pengine usiofika hata dakika moja.

Kuikuza fuwele yenyewe si kazi nyepesi. Protini husafishwa, huyeyushwa, kisha hunyimwa maji kidogo kidogo chini ya chumvi au dawa za namna mbalimbali, mpaka molekuli zikubali kujipanga. Yawezekana mamia ya majaribio yasitoe hata fuwele moja ya kufaa. Nyumba ya nuru haiwezi kumfaa mtu asiye na fuwele.

IV. Zebaki, dhahabu na hesabu

Hapa ndipo neno "picha" linapopotosha. Bamba la vitone si picha ya protini. Kila kitone hueleza nguvu ya wimbi lililofika pale. Hakielezi kama wimbi hilo lilifika likiwa katika kilele chake au katika bonde lake. Bila ya habari hiyo ya pili mawimbi hayawezi kujumlishwa, na umbo haliwezi kupatikana. Nusu ya habari imepotea.

Max Perutz alianza kuichunguza himoglobini, protini ya damu ibebayo hewa, mwaka 1937. Ilimchukua mpaka mwaka 1953 kuonyesha njia ya kuirudisha nusu iliyopotea, na njia yenyewe ilikuwa ni zebaki. Alizishikiza atomu za zebaki mahali maalumu katika protini bila ya kuuvunja mpango wa fuwele. Zebaki ina elektroni 80, ambapo kaboni ina 6 tu. Kwa hiyo atomu chache za zebaki hubadili nguvu ya vitone kwa kiasi cha kupimika. Vitone vya fuwele isiyo na zebaki vikilinganishwa na vya ile yenye zebaki, tofauti yao huonyesha mahali zebaki ilipo. Na wimbi la zebaki likiisha kujulikana, mawimbi ya protini hupimwa kwa kulitegemea hilo. Dhahabu, yenye elektroni 79, hufaa vile vile, nayo imetumika katika protini nyingi. Kwa njia hiyo John Kendrew alilipata umbo la mayoglobini mwaka 1958, na Perutz akalipata la himoglobini karibu na wakati huo huo. Wote wawili walitunukiwa tuzo ya Nobeli mwaka 1962.

Hivyo zebaki ambayo mchimbaji huitumia kuitafuta dhahabu katika mchanga, Perutz aliitumia kulitafuta wimbi katika vitone. Naye mchimbaji huilipia kwa mapafu na mishipa yake, kwa maana mvuke wa zebaki ichomwapo ni sumu.

Katika sinkrotroni kazi hiyo imerahisika. Kwa kuwa urefu wa wimbi waweza kuchaguliwa, fuwele moja iliyotiwa atomu za seleni hupigwa kwa mawimbi ya urefu mbalimbali, na tofauti ndogo zitokeazo hutosha kuirudisha habari iliyopotea. Tena ikiwa umbo la protini iliyo ndugu yake limekwisha kujulikana, hilo hutumika kama kianzio. Mwisho wa hesabu hiyo ni ramani ya wingi wa elektroni, mfano wa ramani ya milima yenye mistari ya miinuko, na mtaalamu hujenga ndani yake kielelezo cha atomu. Kinachoonyeshwa katika vitabu ni kielelezo hicho. Ni matokeo ya hoja na hesabu, wala si kitu kilichoonwa kwa jicho.

V. Rifampisini ndani ya kimeng'enya

Bakteria wa kifua kikuu, kama kila kiumbe, hunakili maagizo ya DNA yake katika uzi wa RNA. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi. Rifampisini hukizuia kimeng'enya hicho; lakini hukizuia kwa namna gani?

Mwaka 2001 Elizabeth Campbell, Seth Darst na wenzao wa New York walitangaza umbo la kimeng'enya cha bakteria mmoja wa chemchemi za moto, kikiwa kimeshikana na rifampisini. Ilionekana kwamba dawa haikai mahali pale pale RNA inapoungwa. Hukaa kando yake, katika kishimo kilicho ukutani mwa njia ambayo uzi wa RNA hupitia ukitoka. Kimeng'enya huanza kazi, huunga herufi mbili au tatu, kisha uzi hugonga dawa na kukwama. Mfano wake ni mlango wa duara la mchimbaji ulioangukiwa na jiwe: walio chini wanaweza kuendelea kuchimba, lakini hakuna kitakachopanda juu. Mwaka 2017 lilitangazwa pia umbo la kimeng'enya cha bakteria wa kifua kikuu mwenyewe kikiwa na dawa hiyo, nalo likayathibitisha mambo hayo.

Hapo ndipo usugu unapopata maelezo. Kabla ya umbo kujulikana, wataalamu wa jeni walikuwa wamekwisha kuona kwamba karibu asilimia 95 ya bakteria sugu kwa rifampisini wana mabadiliko katika sehemu moja fupi ya jeni, yenye herufi 81. Walijua mahali, hawakuiona sababu. Umbo lilionyesha kwamba sehemu hiyo fupi ndiyo hasa iliyojenga kishimo cha dawa. Badiliko litokealo mara nyingi ni la serini ya nafasi ya 450 kuwa lusini: kiungo kidogo chenye kuipenda dawa hubadilishwa kwa kikubwa kisichoipenda, na dawa hukosa makao.

VI. Mbeya

Kifaa kiitwacho Xpert huzisoma herufi hizo 81 katika makohozi ya mgonjwa kwa muda usiozidi saa mbili. Shirika la Afya Duniani lilikikubali mwezi Desemba 2010, na miongoni mwa uchunguzi wa awali wa kifaa hicho katika Afrika ni ule uliofanyika Mbeya, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011. Yafaa kusema kwa haki kwamba kifaa hicho kilitokana na elimu ya jeni, si na sinkrotroni. Lililoongezwa na umbo ni kujua kwa nini kipimo hicho kinaweza kuaminiwa.

Kituo cha utafiti wa tiba cha Mbeya kilishiriki tena katika uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini na Tanzania kwa wagonjwa 365, na ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017. Desturi ni kumpa mgonjwa miligramu 10 za rifampisini kwa kila kilo ya uzito wake. Katika uchunguzi huo kundi moja lilipewa miligramu 35. Katika kundi hilo nusu ya wagonjwa walikuwa wamekwisha kutoonekana bakteria katika makohozi yao kwa siku 48, ambapo waliotibiwa kwa desturi walichukua siku 62.

Jambo hilo halikuweza kujulikana kwa kuitazama fuwele. Fuwele huonyesha dawa ikiwa imekwisha kufika kishimoni. Haionyeshi ni dawa kiasi gani iliyopotea njiani katika tumbo, ini na damu, wala ni kiasi gani kilichopenya katika pafu lililojaa makovu ya vumbi la mawe. Nuru hueleza namna dawa ifanyavyo kazi. Kiasi cha kutosha huelezwa na mgonjwa.

VII. Umbali na lugha

Bara la Afrika mpaka sasa halina sinkrotroni. Mwezi Novemba 2015 wataalamu wa Afrika na wenzao walikutana Grenoble kushauriana juu ya kuijenga ya kwanza. Afrika Kusini ina mapatano ya kuitumia nyumba ya Grenoble, na Misri ni mwanachama wa SESAME. Umbali huo, hata hivyo, umepungua kwa njia moja: fuwele iliyogandishwa huweza kusafirishwa katika chombo cha baridi, na mwenyewe akaiongoza kazi kwa kompyuta akiwa kwake. Kinachotakiwa kwanza si pete ya mamia ya mita, bali ni chumba safi cha kukuzia fuwele na watu waliofundishwa.

Siku hizi umbo la protini hupatikana pia kwa darubini za elektroni, na programu za kompyuta huweza kulikisia. Kazi ya kukisia ilipewa tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2024. Lakini programu hizo zilifundishwa kwa maumbo yaliyokusanywa tangu mwaka 1971 katika hazina ya protini ya kimataifa, na mengi ya hayo yalipatikana kwa fuwele na eksirei. Dawa mpya ikitengenezwa, ingali inapasa kuhakikishwa kwa majaribio kwamba imekaa pale ilipokisiwa.

Kwa wenye kushughulika na lugha, somo la habari hii ni kutofautisha maneno matatu. "Vitone" ni kile kilichopokewa na chombo. "Ramani" ni kile kilichopatikana kwa hesabu. "Kielelezo" ni kile mtaalamu alichokijenga juu ya ramani. Yote matatu yakiitwa "picha", msomaji ataamini kwamba dawa imeonekana kwa macho ikimuua bakteria, na kwamba shauri limekwisha. Mgonjwa wa Makongolosi aliyesimuliwa hivyo aweza kudhani kwamba dawa iliyoonekana ikifanya kazi haina haja ya kumezwa kwa miezi 6. Akiiacha nusu ya njia, bakteria waliobaki hupata nafasi ya kubadili herufi moja katika zile 81, na kishimo cha dawa hufungwa.